Mwaka Tuliomtikisa Tata

Mwezi uliopita kijana wangu wa kwanza aliingiza kiti cha gari sebuleni kwangu hapa Turwa, Tarime mjini. Alikuwa amefunga shule. Yeye na mwenzake walikiomba kwenye gereji ya jirani, wakakibeba kichwani mpaka nyumbani. Alinieleza kwa furaha kwamba atakifungia mota mbili za waipa kwa chini, ili akicheza michezo ya magari kwenye kompyuta ya mwenzake, kiti kiiname gari linapokata kona na kiruke gari linapopita shimoni. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wanavyojitengenezea nyumbani kwa vitu vya kuokoteza. Mimi sikuwa namsikiliza. Sponji ya kile kiti ilikuwa imenyeshewa na kukauka mara nyingi, ikachanganyika na grisi na jasho la watu nisiowajua, na harufu ile iliponifika nilijikuta nimesimama, nimeshika fremu ya mlango. Nikamwambia akitoe nje. Akauliza kosa lake ni nini. Nikamwambia hana kosa, ila sitaki kukiona. Alikibeba amenuna, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijibu swali lake kichwani mwangu.

Sisi tulikulia vijijini, huku huku Tarime, karibu na mto Mara, mahali ambapo ukipanda kilima nyuma ya nyumba uliona ng'ambo ya pili mabonde ya Serengeti yakipotelea kwenye ukungu. Mama alitokea upande ule, Issenye. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kuimba hata anapogombeza, na Kikurya chake hakikuacha kuchekwa na mashemeji zake mpaka tumekua. Baba yetu tulimwita tata, kama watoto wengi wa Kikurya. Kabla dhahabu haijawapandisha watu wazimu, tata alikuwa dereva. Aliendesha lori la tajiri mmoja, akipeleka mahindi Sirari na kurudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Nyumbani aliogopwa kwa namna ile ya akina baba wa wakati huo: akiingia uani sauti zinashuka, akikohoa tunajua anataka nini. Sikumbuki kuwahi kumgusa mkono isipokuwa nilipommiminia maji ya kunawa.

Wenzangu wa rika langu mnajua mambo yalivyogeuka. Mashamba yalikosa watu wa kupalilia. Mwalimu wetu wa hesabu aliaga kwamba anakwenda msibani, tukaja kumwona ameshika sururu. Wanawake waliokuwa wakiuza maziwa sasa waliketi kuponda mawe kwa nyundo tangu asubuhi, vumbi limewaganda kwenye kope kama unga. Tata naye aliacha lori la watu, akaingia mashimoni na wenzake. Alipata kidogo, akakosa, akapata tena. Tukaezeka nyumba kwa bati. Mama akanunuliwa cherehani ambayo hakuwahi kujifunza kuitumia, kwa sababu kazi ya dhahabu ilimvuta naye.

Mawe yakishasagwa na kuoshwa yalifika nyumbani kama tope jeusi ndani ya karai. Tata alitia zebaki kutoka kwenye chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, akalichanganya lile tope kwa mikono mitupu, halafu akalikamua kwenye kipande cha kitenge mpaka kikabaki kidonge cheupe kama jino. Kidonge hicho mama alikiweka juu ya kifuniko cha kopo, kifuniko juu ya jiko la mkaa, akaupuliza moto. Mlango wa jikoni ulifungwa na dirisha likazibwa kwa gunia, maana majirani wakijua kwenu kuna dhahabu ya kuchoma, hamna amani tena. Mimi na kaka yangu Chacha tuliruhusiwa kukaa ndani kwa sharti la kunyamaza. Niliipenda shughuli ile kuliko sikukuu. Kidonge kilichemka kidogo, moshi mwembamba ukapanda, mwembamba kiasi kwamba uliuona tu ukiutazama kwa upande, na taratibu weupe ukageuka njano. Matone ya zebaki yaliyoanguka chini tuliyakimbiza kwa vidole kwenye sakafu ya udongo. Yalikatika vipande vidogo vidogo, yakakutana, yakawa kitu kimoja tena. Chacha alisema yale ni machozi ya samaki. Mama alicheka, akaendelea kupuliza.

Mashimo ya kina tata yalipoanza kukosa kitu, mgodi mkubwa ukawa umefunguliwa upande wa pili wa kijiji. Tuliyasikia malori yake kabla hatujayaona. Ardhi ilinguruma chini ya nyayo zetu tukiwa darasani. Siku mimi na Chacha tulipokwenda kuyachungulia kutoka kilimani, niliona gurudumu moja refu kuliko nyumba yetu, na juu kabisa, kwenye kijumba kidogo cha kioo, mtu mdogo kama kidole. Watu walisema madereva wanatafutwa. Tata alitoa leseni yake kwenye sanduku, akaifuta kwa kiganja, akaenda.

Alirudi amechoka, viatu vimelowa, akapitiliza jikoni kwa mama. Sisi tulikuwa nyuma ya ukuta tukichambua maharage, tukasikia. Alisema hawakumpa lori. Walimwingiza kwanza kwenye kontena, ndani mna kiti juu ya miguu ya chuma, na mbele yake ukuta mzima ni televisheni. Kwenye televisheni kuna barabara ya kushuka shimoni. Ukiwasha, lori la kwenye picha linatembea, na kile kiti kinatembea nalo. Likiinama, kinakuinamisha, likikanyaga jiwe, kinakurusha. Tata alisema kichwa kilimzunguka kama mtu aliyekunywa pombe ya sherehe nzima. Alitapikia viatu vyake. Vijana waliokuwa kwenye foleni nje walicheka, na yule msimamizi, ambaye alikuwa mpole, alimwambia arudi baada ya mavuno watakapoita watu tena, labda siku ile mwili ulikuwa haujakaa sawa.

Mama akamuuliza atafanya nini. Tata akasema kiti ni kitu cha kuzoea, kama alivyozoea lori alipokuwa kijana. Kama wao wana kiti, naye atakuwa na kiti.

Mimi, kwa akili yangu ya wakati ule, nilielewa kwamba mgodini kuna mnyama wa chuma anayewapanda watu kichwani, na kwamba tata anataka kufuga mtoto wa mnyama huyo uani kwetu.

Tata alijua kuendesha gari. Kutengeneza kitu hakujua. Tuligundua hilo mapema. Kiti chenyewe alikipata kwenye gofu la pikapu lililokuwa limeachwa kando ya barabara ya Mugumu, kiti cha dereva, sponji imetoka nje kama matumbo. Kwanza alikining'iniza kwa kamba kwenye mhimili wa banda la ng'ombe. Kikawa bembea. Mimi na Chacha tulifurahi mno, lakini tata alikaa humo akaenda mbele na nyuma, uso umekunjamana, halafu akashuka akasema lori halibembei. Akakifunga juu ya tairi kuukuu lililolazwa chini. Kikawa kinadunda, hakiinami. Alikigeuza, akakipigilia mbao za mkaratusi, misumari ikapinda, akajigonga kidole. Mama alipita na ndoo kichwani akijifanya haoni.

Hatimaye aliagiza aitwe mdogo wake, baba mdogo Mwita, aliyekuwa akichomelea mageti Isebania, ng'ambo ya mpaka. Baba mdogo alikuja na baiskeli, mashine ya kuchomelea ameiazima kwa rafiki yake aliyekuwa na jenereta pale sokoni, na Kiswahili chake cha Kenya kilichotuchekesha.

"Sasa hii kiti unataka iende wapi?" alimuuliza tata.

Tata akamjibu kwamba hakiendi popote, ndiyo kazi yake hiyo.

Baba mdogo alizunguka kile kiti akitafuna bua. Baadaye alikwenda gereji akarudi na ule msalaba wa chuma unaokaa kwenye propela shafti ya lori, ule unaoiruhusu shafti kupinda huku inazunguka. Akauchomelea juu ya nguzo fupi, kiti juu yake, na kiti kikaweza kuinama kila upande kama kichwa cha mtu juu ya shingo. Siku ya kwanza walisahau kukizuia. Tata alikikalia, kiti kikalala chali, miguu yake ikawa juu na kofia yake ikabiringika mpaka kwa kuku. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanamtikisika. Ndipo wakaifupisha nguzo zaidi na kuweka shokapu za pikipiki pande zote, zikishirikiana na vipande vya mpira wa tairi vilivyokazwa kama ngozi ya ngoma, ili kiti kikiinama kirudi chenyewe. Usukani ulitoka kwenye trekta lililokufa. Pedeli zilikuwa mbao zenye springi za kitanda. Na kwa kuwa hatukuwa na umeme wala mota, baba mdogo alichomelea mabomba mawili marefu, moja nyuma na moja ubavuni, yakajitokeza kama mikono ya toroli. Hapo ndipo tulipoingia sisi. Chacha alishika la nyuma, la kuinamisha mbele na nyuma. Mimi nikapewa la ubavuni.

Chacha alichora barabara kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala, ikishuka kwa kuzunguka mpaka chini kwenye shimo, na tata alikaa akiikazia macho kama vile inatembea. Tulifanya kazi hiyo tukitoka shule, kabla ng'ombe hawajarudi. Mara ya kwanza niliuliza kama nimwambie kabla sijasukuma.

"Usiniambie," alisema tata. "Barabara haipigi hodi."

Sijui kama mtu ambaye hakulelewa na baba wa namna ile ataelewa. Mimi, mtoto wa kike ambaye hata kukatiza mbele yake sikuthubutu, nikawa nazunguka nyuma ya nyumba, nilipewa bomba la chuma na ruhusa ya kumtikisa. Nilisukuma, naye akaenda. Nilivuta, naye akarudi. Shingo yake, mabega yake, mikono yake mikubwa kwenye usukani, vyote vilinitii. Nilijifunza kumpitisha kwenye matuta madogo madogo mfululizo, kisha nikatulia, nikamwacha adhani barabara imenyooka, halafu nikambinua ghafla kwenye korongo. Alitapika mwanzoni. Alikuwa anashuka, anakwenda nyuma ya ghala, anarudi akijifuta mdomo na kupanda tena bila kusema neno. Baadaye akawa hatapiki sana. Siku moja aliposhuka aliniwekea mkono kichwani, akasema leo nimempitisha njia mbaya kweli. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kupewa sifa nyingine maishani iliyonikaa kama ile.

Siku za kuchoma dhahabu hazikukoma. Tata alikuwa amebakiza marafiki waliokuwa wakimletea tope lao alichakate, na kwa sababu walimwamini, jiko la mama lilikuwa likiwaka karibu kila alasiri. Mama alikuwa mjamzito. Alikaa kwenye kigoda, tumbo limepumzika juu ya mapaja, akipuliza na kupepea.

Kilichonishtua kilikuwa kikombe. Tulikuwa tumeketi uani, tata akapewa chai, akainyanyua, na chai ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Alikiweka chini. Akakishika kwa mikono miwili, akanyanyua tena, na nikaona uso wa chai ukicheza ndani ya kikombe, mawimbi madogo madogo yasiyotulia, ingawa mtu aliyekishika alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda juu ya ardhi tulivu. Mama akasema atapunguza majani, labda chai ni kali. Tata akasema si ukali, siku hizi kila kitu kina ladha ya msumari. Fizi zake zilikuwa zikitoa damu. Wageni wakija alianza kuingia ndani na kutuambia tuseme hayupo, yeye ambaye zamani alikuwa akisikika akisalimiana na watu kabla hajafika uani kwao.

Nilielewa mara moja. Hakuna mtu aliyehitaji kunieleza. Mtikiso niliokuwa nikimpa kila siku ulikuwa haumtoki tena. Ulikuwa unaingia kwa kupitia kiti, unapanda uti wa mgongo, na ukishafika mikononi unakaa. Nilimweleza Chacha tukichunga mbuzi. Akafikiri, akasema basi ni vizuri, ndicho tata alichokitaka, mwili uzoee. Lakini mimi nilikuwa nimekiona kile kikombe.

Nikaanza kusukuma taratibu. Nilimpitisha kwenye barabara laini, bila mashimo, bila kona. Tata aligundua, akageuza shingo.

"Unanibembeleza kama mtoto mchanga?"

Nikasema hapana, tata.

"Basi sukuma. Kule hawatanionea huruma."

Nikasukuma. Nilikuwa nyuma ya bega lake, hakuweza kuniona uso. Nilimrusha kwenye mawe na makorongo yote niliyoyajua, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, na kila nilipovuta lile bomba nilijisemea kwamba sasa hivi nimemwongezea mtikiso mwingine.

Mavuno yalipita, wakaita watu. Mama alipiga pasi koti la harusi la tata, na kwa kuwa vidole vya mumewe havikuweza kufunga vifungo, alimfungia yeye, akiongea mambo ya mbuzi ili isionekane anafanya nini. Mimi na Chacha tulimsindikiza mpaka barabarani. Alitembea vizuri. Alituambia kwamba kiti chao si kitu, kwamba kitakuwa kama kukalia godoro, kwa sababu hakuna msimamizi wa mgodi anayeweza kumtikisa mtu kama binti yake.

Alirudi jua halijafika utosini. Nilimwona akija, nikakimbia kumweleza mama kwamba amefaulu. Nilikuwa na hakika. Mtu aliyerudi mapema kiasi kile, niliwaza, hata muda wa kumjaribu hawakuuhitaji. Mama aliacha kinu, akajipangusa mikono, akatoka na tabasamu lake lote. Lilimwishia usoni kabla tata hajafungua mdomo.

"Hata kitini sikufika," alisema tata.

Alikaa kwenye kizingiti. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za mwingine. Safari hii kabla ya kontena kulikuwa na daktari, kijana mdogo, mwenye adabu, alimpa shikamoo. Alimwambia asimame, afumbe macho, anyooshe mikono mbele. Ndiyo hivyo tu. Daktari aliitazama mikono yake kwa muda, akamwambia ashushe, akamuuliza kama anakunywa pombe sana. Tata, ambaye hakuwa mnywaji, alisema ndiyo, kwa sababu hakuwa na jibu lingine la kumpa. Wakamshukuru kwa kuja.

Nilikuwa nimesimama karibu na ghala, mbele ya ile barabara ya mkaa. Hakuna aliyenitazama, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Niliona kwamba wote wanajua ni mimi, na wameamua kunisitiri.

Hatukukisukuma kile kiti tena. Kuku walitagia humo, mvua ikakinyeshea, panya wakachimba sponji, mpaka baba mdogo Mwita alipokuja kukikatakata na kuuza chuma chake. Tata alirudi kwenye karai na zebaki, na sasa akachoma kuliko zamani, maana hapakuwa na kitu kingine cha kungojea. Mama alijifungua hospitalini Tarime msimu uliofuata. Alirudi na kanga iliyokunjwa vizuri mkononi, mgongoni hana kitu. Mtoto wa baada ya huyo naye hakulia. Wakwe zake walinong'ona kwamba mwanamke wa Serengeti amekanyaga kitu cha kichawi huko kwao, na mama, aliyekuwa akiwajibu kila mmoja kwa utani wake, akaanza kuwa mtu wa kimya. Alipuliza moto bila kucheka. Mimi nilikataa kubeba watoto wa jirani. Wakinipa mtoto nimtikise alale, nilimrudisha. Waliniita mvivu.

Nilikua na jambo hilo. Nilisoma nalo, nikaolewa nalo, nikaingia chuo cha uuguzi Musoma nalo. Huko, mchana mmoja wa joto, wengi darasani wakisinzia, mwalimu alikuwa akieleza sumu za kazini. Alifika kwenye zebaki. Akasema inayochomwa hugeuka hewa, mtu akaivuta bila kuinusa. Akasema mikono hutetemeka, fizi huvimba na kutoa damu, mdomo huwa na ladha ya chuma, mtu hupata kizunguzungu, huanza kujificha kwa watu. Figo huharibika mwishoni. Akaongeza, akiwa tayari anafuta ubao, kwamba wajawazito wakae mbali nayo kabisa, kwa sababu mimba hazikai.

Nilitoka nje bila kuomba ruhusa. Nilikaa kwenye ngazi za bweni. Ningependa kusema kwamba nilihisi mzigo unanitoka, na kweli ulitoka, ila niliona palepale mahali unapokwenda kutua.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani. Tata alikuwa amekonda, anakula kwa kulishwa, lakini akili yake ilikuwa timamu. Nilimkuta zizini, ameegemea mti wa lango, anawatazama ndama. Nikamwamkia, nikasimama kando yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikamweleza tata jambo refu bila yeye kuniuliza. Nilimwambia kizunguzungu cha kwanza kabisa, kile cha kontena, kilikuwa ni zebaki. Mikono ni zebaki. Kiti hakikuwa na kosa. Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa inacheza juu ya lango, na lango lilikuwa linalia kidogo kidogo.

Akaniuliza, "Na wale watoto?"

Alikuwa dereva, alijua kusoma barabara mbele.

"Umemwambia mama yako?"

"Bado, tata."

"Usimwambie. Moto aliupuliza yeye. Mimi ndiye nilimwambia afunge mlango, lakini hilo hatalikumbuka. Atakumbuka kwamba alipuliza."

Nikaahidi. Tuliangalia ndama kidogo, kisha akaniomba nimrudishe ndani kwa sababu jua lilikuwa kali.

Alifariki kwa figo, mimi nikiwa kazini tayari. Siku ya mazishi uwanja ulijaa, wa kwetu na wa Isebania, na ndugu wa mama walikuja na lori kutoka Issenye. Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Nilipoingia alinivuta nikae karibu naye. Shangazi mmoja alikuwa anauliza ugonjwa ulianzaje, mtu aliyekuwa na nguvu kiasi kile. Mama akasema anajua. Akasema ni kile kiti. Akawaeleza wanawake wale, wengine ambao hawakukiona, jinsi kilivyotengenezwa, jinsi mume wake alivyokikalia kila siku akitikiswa mpaka mtikiso ukamwingia mifupani, na jinsi yeye mwenyewe alivyokiona na hakusema neno. Aliongea kwa utulivu. Alikuwa ameliweka jambo hilo miaka yote ile, mahali palepale nilipokuwa nimeliweka mimi.

Kisha akanigeukia. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, nayo pia, nikaihisi mashavuni, ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Usijilaumu, mwanangu," alisema. "Ulikuwa mtoto. Ulisukuma kwa sababu uliambiwa sukuma. Mimi nilikusamehe zamani."

Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nikainamisha kichwa, nikamwambia asante, mama.